Tumbaku ya Kulow Ndani ya Samli

Garissa mjini kuna wanaume wa aina mbili: wanaotafuna miraa na wanaosema wameacha. Kulow hakuwa wa upande wowote. Yeye alivuta kiko. Kutoka daraja la Tana mpaka soko la mifugo, mji mzima ulikuwa na kiko kimoja tu, nacho kilikuwa kimeng'ang'ania mdomo wake kama mwanambuzi aliyekataa kuachishwa ziwa. Ndiyo maana watu walimwita Kulow Qiiq, yaani Kulow Moshi. Huku mtu asiye na jina la utani hata akifa watu huulizana ni yupi huyo.

Kiko alikipata kazini. Miaka thelathini na mmoja aliajiriwa katika ofisi ya mifugo, na kazi yake, ukiondoa maneno mengi anayoyaongeza mwenyewe, ilikuwa kumshika ngamia wakati daktari akimdunga sindano. Daktari wake wa kwanza, kule Wajir, alikuwa mtu wa bara aliyevuta kiko kutwa nzima. Siku alipohamishwa alimwachia Kulow kiko chake cha pili. Kulow akakitia mdomoni siku ileile, akaweka mkono mmoja nyuma ya mgongo, na tangu hapo hakutembea tena kama watu wengine. Hakupandishwa cheo hata mara moja. Lakini wageni waliofika ofisini walimwamkia yeye kabla ya mkubwa wake, na kwa Kulow hicho kilikuwa cheo tosha. Alipostaafu alirudisha koti la mvua, buti na ufunguo wa stoo. Kiko hakukirudisha, na ule mkono wa nyuma hakuuteremsha.

Matatizo yalianza na zulia. Rukiyo, mkewe, alikuwa ametandika zulia jipya jekundu katika sebule ya wageni, zulia ambalo hata yeye mwenyewe alilikanyaga kwa kuliomba radhi. Juma la pili tu cheche ikaruka kutoka kwenye kiko, ikatoboa tundu la ukubwa wa jicho. Rukiyo hakupiga kelele. Mwanamke wa huku akipiga kelele, mume ana bahati yake. Rukiyo alimpigia simu kaka yake.

Kaka mtu, Yakub, ni mfanyabiashara wa ngamia huko Wajir, mtu wa swala tano na maneno machache yenye miiba. Alifika, akanywa chai, akaketi juu ya lile tundu makusudi.

"Sedi," akaanza. Sedi ni shemeji, lakini Yakub alilitamka kama mtu aliyekwamwa na mfupa. "Mwanamume wa miaka sitini na sita anayenyonya kitu hadharani, sisi tuwaambie nini wanaotuuliza?"

"Waambie ni mtu wa ofisi."

"Ofisi imekustaafisha."

"Ofisi si kiko."

"Ndiyo hapo. Kiko nacho lini kitastaafu?"

Walivutana mpaka birika la pili. Yakub alitaka kiko kivunjwe palepale. Kulow alitoa mkebe wa tumbaku aliokuwa ameletewa na mpwa wake kutoka Nairobi, ukiwa umefunguliwa siku mbili tu, akauweka mbele yao kama mtu anayeonyesha yatima. "Mkebe huu uishe," akasema. "Ukiisha, wallahi kiko nimekiweka chini."

Yakub ameuza ngamia miaka arobaini. Anajua mlango wa nyuma wa kila neno. "Ukiisha au ukiharibika," akasema.

"Tumbaku haiharibiki, sedi."

"Basi hutapungukiwa na kitu ukiapa. Apa vizuri: ukiisha au ukiharibika."

Kulow akaapa vizuri. Yakub akarudi Wajir na moyo mweupe, akihesabu wiki mbili. Masikini. Hakujua anapambana na nani.

Maana tangu siku ile Kulow alianza kuvuta tumbaku kama mgonjwa anavyokunywa dawa. Kiko kimoja kwa siku, baada ya swala ya asri. Kisha nusu kiko. Kisha robo, na muda uliobaki alikinyonya kitupu. Kama angeweza, angeuvuta mkebe ule mpaka siku ya kufufuliwa, na kiapo chake kikabaki safi kama kanzu ya Ijumaa. Kuisha hakukumwogopesha. Aliogopa kuharibika.

Na Garissa ni mahali pa kukausha. Jua la hapa hukausha nguo kabla hujamaliza kuzianika, hukausha mto, humkausha mtu mate katikati ya uwongo. Mkebe ule wa bati ulikuwa na mfuniko uliolegea, na siku ya tano tumbaku ilikuwa imeanza kulia ukiishika, kracha kracha, kama majani ya kibanda. Akiiwasha, inashika moto mara moja, inaisha kabla hajakaa sawa, na ulimi unabaki kama umelamba pasi. Ile harufu ya asali aliyoipenda ilikuwa imeshapanda juu kuungana na mawingu tusiyokuwa nayo.

Akamkumbuka daktari wa Wajir, aliyekuwa akitia kipande cha kiazi ndani ya mkebe ili tumbaku ipate unyevu. Daktari alikitia kipande chembamba cha ganda, kwa siku moja, kisha akakitoa. Kulow hukumbuka mambo nusu. Alitia nusu ya kiazi kizima, akafunika, akasahau. Alipofungua siku ya tatu alikuta ukungu mweupe umeota, una nywele, karibu unamsalimu. Akachambua kwa vidole, akatupa theluthi nzima chooni, na Rukiyo alipouliza mbona mkebe umepungua ghafla akajibu kwamba juzi alikuwa na mawazo mengi.

Hapo akampigia binti yake Kinsi, anayesomea mambo ya dawa Nairobi.

"Aabo, hiyo ni rahisi," Kinsi akamwambia baba yake. "Tafuta chupa ya kioo yenye mfuniko unaobana. Ijaze, usiache hewa nyingi ndani. Halafu iweke mahali pa giza, penye baridi."

"Penye nini?"

"Baridi, Aabo."

"Kinsi, umesahau kwenu?"

"Hata chini ya kitanda. Ila usiiweke karibu na kitu chenye harufu. Tumbaku hunyonya kila harufu."

"Nimekusikia," akasema Kulow, akimaanisha kwamba alisikia sauti.

Chupa aliipata, ya jamu. Mfuniko wake ulikuwa wa chupa nyingine. Na mahali pa giza kuliko pote nyumbani, kwa akili yake, ni kabati la nguo la Rukiyo, ambamo kila Alhamisi Rukiyo hufukiza nguo zake kwa unsi, ule uvumba wa sukari na manukato unaomfanya mtu ajue mwanamke amepita hata kama alipita jana. Baada ya juma moja Kulow akatoka na kiko chake mpaka kwenye kibanda cha chai, akakiwasha, akavuta, akapuliza. Wazee wote wakageuza shingo kuangalia barabarani.

"Nani anaoa?" mmoja akauliza.

"Hakuna harusi leo," mwingine akajibu. "Ni Kulow Qiiq. Naona ndiye anayeolewa."

Alirudi nyumbani amekasirika, na Kulow akikasirika huwa anafikiri, jambo ambalo halijawahi kumletea heri. Akaketi jikoni, akatazama rafu. Juu ya rafu palikuwa na ndoo ndogo nyeupe za plastiki zenye vifuniko, zimepangwa kama askari. Hizo ndizo zilikuwa jina la Rukiyo mjini. Ndani mlikuwa na nyirinyiri: nyama ya ngamia iliyokatwa vipande vidogo kama punje, ikaanikwa, ikakaangwa mpaka ikawa nyeusi, kisha ikazamishwa ndani ya samli yenye iliki. Nyirinyiri ya Rukiyo hukaa nusu mwaka bila kubadilika. Watu wamekwenda nayo Hijja, wamerudi nayo, na bado ilikuwa tamu.

Kulow akasimama. Nusu mwaka! Bila friji, bila stima, bila chupa ya mtu yeyote. Babu zake walivuka nyika ya Takaba na nyama ndani ya samli, nyama, kitu kinachooza ukikitazama vibaya, na yeye anahangaishwa na jani? Kinsi alisema nini? Adui ni hewa. Na samli ikifunika kitu, hewa itapita wapi? Watu wa Nairobi wana chupa zao. Sisi tuna samli. Akashangaa kwamba katika historia yote ya wavuta kiko hakuna aliyewahi kuligundua jambo hili. Hakujiuliza kwa nini.

Rukiyo alipotoka kwenda kumwona mwanamke aliyejifungua, Kulow akachukua ndoo tupu, akamimina tumbaku yote iliyobaki, akapasha samli, samli nzuri ya Rukiyo, vikombe vinne, akamwaga juu. Tumbaku ikaelea. Akaikandamiza kwa mwiko mpaka ikatii. Akafunika, akaiweka rafuni, ya mwisho upande wa kushoto. Alama hakuweka, ya nini, na yeye mwenyewe anaijua? Mkewe hakumwambia, kwa sababu Rukiyo angeweza kumsamehe mtu aliyemwibia ng'ombe, lakini samli yake ni jambo lingine. Alipanga kuiacha juma moja itulie.

Siku ya tatu Rukiyo alifuta rafu, akazishusha ndoo zote, akazirudisha kama zilivyomjia mkononi.

Siku ya nne, adhuhuri, Kulow akiwa msikitini, Yakub akabisha hodi. Alikuwa amekuja soko la mifugo, na zaidi ya hapo alikuja kuuangalia mkebe. Rukiyo akamtandikia kaka yake mikate ya anjera, akaweka sukari pembeni, akafungua ndoo iliyokuwa karibu. Vipande vyeusi ndani ya samli, kama siku zote. Mafua yalikuwa yamemkamata Rukiyo tangu jana yake. Pua yake ilikuwa likizoni.

Yaliyofuata Kulow aliyasikia baadaye, na aliyasikia mara nyingi kuliko alivyotaka. Yakub alichota, akala, akaanza kutafuna. Akatafuna muda mrefu sana. Lakini kaka hatemi chakula cha dada yake, hasa dada ambaye chakula chake kimefika Makka. Akameza.

"Vipi, walaal?" Rukiyo akamuuliza kaka yake.

"Ina... ina nguvu."

"Basi ongeza, umekonda."

Akaongeza. Heshima imeua watu wengi.

Kulow aliporudi alikuta viatu vingi mlangoni. Ndani, Yakub alikuwa amelala chali juu ya zulia jekundu, uso umekuwa rangi ya jivu, jasho linamtiririka, kwikwi inamrusha, beseni kando yake limeshafanya kazi mara tatu. Mowlid wa duka la dawa alikuwa amemshika mshipa wa mkono. Na mlangoni alisimama Lul, jirani yao, ambaye hufika kwenye msiba kabla ya msiba wenyewe.

"Amekula nini?" Mowlid akauliza.

"Nyirinyiri yangu tu," akasema Rukiyo. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Haraka za siku hizi," Lul akasema, kama anayeongea na ukuta. "Pengine nyama haikukauka. Hutokea. Mimi sisemi kitu."

Kulow akatazama sahani. Akaona nyuzinyuzi. Nyama ya ngamia haina nyuzinyuzi zilizojikunja namna ile. Na Mungu amsamehe, jambo la kwanza lililomjia akilini si sedi yake anayekata roho sakafuni. Lilikuwa: amekula kiasi gani?

"Kama ni chakula kibovu tumkimbize hospitali," Mowlid akasema. "Ila nikijua hasa ni nini, huenda nikamsaidia hapahapa. Mzee Kulow, wewe unajua chochote?"

Kulow aliitazama feni ya darini kwa makini sana, kama mtu aliyetumwa kuikagua. Akisema, kila mtu atajua tumbaku iko wapi na imefanywa nini, na Yakub akipona swali lake la kwanza litakuwa lile la kiapo. Asiposema, kwani mtu hawezi kuumwa tumbo akapona? Hupona. Hivyo ndivyo alivyojipa moyo, yule mtu wa ofisi.

Ila Rukiyo alikuwa ameshaingia jikoni. Akatoka na ndoo na kijiko, macho yamejaa machozi ya hasira. "Lul, njoo hapa. Na wewe Mowlid. Miaka thelathini napika. Hakuna mtoto wala mzee aliyewahi kuumwa hata jino kwa chakula changu. Tazameni." Akachota kijiko kilichofurika, akakipeleka mdomoni.

"Mama Kinsi, usile!"

Kijiko kikasimama kidevuni. "Kwa nini nisile?"

"Ni yangu."

"Chakula ni chako, nami nisile?"

"Si chakula. Ni tumbaku."

Kwikwi ya Yakub ilikatika. Mowlid ndiye aliyevunjika mbavu kwanza. Alicheka mpaka akaachia ule mshipa aliokuwa ameushika. Alipopata pumzi akasema mgonjwa hafi, ni ulevi uleule unaowapata wanaotafuna tumbaku kwa mara ya kwanza, beseni limeshatoa nyingi, apewe maji na alazwe ubavu, yeye atakaa naye mpaka atulie. Lul alikuwa ameshapotea. Habari kama hii haingoji viatu.

"Na samli?" Rukiyo akauliza polepole. "Samli ni ya nani?"

Kulow akairudia ile feni.

Ndipo kidole kimoja kikainuka kutoka kwenye zulia. "Sedi," Yakub akasema kwa sauti ya mtu aliye kisimani. "Swali moja tu. Imeharibika, au haijaharibika?"

Mwenye akili angeushika mlango huo akatoka. Angesema imeharibika, pole sedi, kiko hiki hapa. Watu wangecheka siku mbili, ya tatu wangepata mwingine. Lakini Kulow akauona mkono wake wa nyuma ukishuka, akajiona akitembea sokoni mikono yote miwili inaning'inia kama mtu aliyekuwa akishika ngamia tu.

"Haijaharibika," akasema. "Imehifadhiwa."

"Vuta basi, tuone."

Akachota, akakamua kwa ngumi, samli ikamtiririka mpaka kiwikoni. Akakijaza kiko. Njiti saba za kiberiti zilizimika. Ya nane ikashika, na kiko kikaanza kuchacharika kama vitunguu kwenye karai. Kisha moto ukasimama wima, wa manjano, ukaruka ukachukua upande wa kushoto wa ndevu zake, zile ndevu nyekundu za hina alizozitunza kuliko ndoa yake. Akazipiga makofi kuzizima. Paka wawili wakaingia kutoka uani kuangalia nini kinaiva.

"Nzuri?" Yakub akauliza.

"Nzuri," akasema Kulow, machozi yakimshuka. "Ina utamu wake."

Rukiyo akafunika ndoo, kwa utaratibu mkubwa. "Alhamdulillahi. Kumbe samli yangu haikupotea bure. Basi itakaa kwangu, Baba Kinsi, na kila siku baada ya asri nitakupakulia mwenyewe kijiko kimoja kilichojaa, mpaka ndoo iishe. Kiapo ni kiapo."

"Amin," ikasema sauti kutoka kwenye zulia.

Yakub akapona kesho yake, akarudi Wajir kimya, kimya cha mtu aliyebeba zawadi. Na Kulow akaanza kutumikia kifungo chake. Ijumaa akavuta, akabaki na harufu ya karamu ya watu wengine. Jumamosi akavuta, nzi wakamsindikiza mpaka kibanda cha chai, na wazee wakasogeza viti, mmoja akiagiza: "Kulow, na mimi nikatie ya mbavu." Jumapili koo lilikuwa limepakwa mafuta kiasi kwamba chai ilishuka bila kumgusa. Jumatatu akajaribu ujanja: akabeba kijiko chake mpaka uani, akamwekea mbuzi. Mbuzi wa Garissa hula maboksi, hula kamba, alishawahi kula laini ya simu ya mtu na mtu akapigiwa ikaita. Yule mbuzi akanusa, akamtazama Kulow kwa huruma ya dhati, akarudi kwenye boksi lake.

Kumwaga hakuweza, Rukiyo alipima ndoo kwa kijiti. Na kijiti kilionyesha kwamba iliyobaki ni ya wiki tano.

Jumanne baada ya asri Rukiyo akaleta sahani, kijiko juu yake, akaketi mbele yake kama muuguzi. Kulow akakitazama kile kijiko. Samli ilikuwa imeyeyuka kwa joto na tumbaku ilielea ndani yake, nyeusi, imevimba.

"Mama Kinsi."

"Naam."

"Imeharibika."

"Tangu lini?"

"Naona... tangu asubuhi."

Rukiyo akasogeza kijiko karibu zaidi.

"Tangu siku ile," Kulow akasema. "Tangu nilipoimwagia samli."

Akakitoa kiko mdomoni, akakipangusa kwa ncha ya shuka yake, akakilaza kwenye sahani yeye mwenyewe. Rukiyo hakukigusa. Alichukua simu, akabonyeza, akaweka sauti kubwa, akamwekea mumewe mbele.

"Mwambie uliyemwapia."

"Sedi," Kulow akasema. "Imeharibika."

"Nani amefariki?" sauti ya Yakub ikauliza, na nyuma yake ngamia walikuwa wakilia.

"Tumbaku. Imeharibika."

"Mtandao mbovu, sedi. Niko sokoni. Pandisha sauti."

Kulow akasimama, akatoka nayo uani, akaishika simu mbele ya mdomo kwa mikono yote miwili. "Nimesema tumbaku imeharibika!"

Huko Wajir vikasikika vicheko vya watu wengi. "Sasa mimi nimesikia," Yakub akasema. "Ila hapa kuna wazee wa Mandera wamesimama mbali kidogo. Rudia kwa ajili yao."

Kulow akajaza kifua. Kabla hajatoa neno, Lul akajibu kutoka ng'ambo ya ukuta, "Waambie sisi huku tumeshasikia!"